Wi-Fi ya Saba, Rauta ya Kabatini

Kaka yetu mkubwa aliamua kwamba laptopu ya mdogo wetu lazima iwe na Wi-Fi 7, na alipoamua hivyo hakuwa ameuliza swali hata moja. Alituma ujumbe wa sauti kutoka Kanada kuja kwetu Bujumbura, kwenye kundi la familia. "Ukinunua kitu, nunua cha mbele," alisema. "Sita imeshazeeka. Mi siwezi kuingia Buja na kitu kilichozeeka. Watu wataniona aje?"

Watu. Aliyeihitaji laptopu hakutajwa. Mdogo wangu alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiswahili kwa video, katika shule ya mtandaoni ambayo wanafunzi wake wako nchi za mbali, na shule ilikuwa imempangia somo la majaribio. Msimamizi angekaa kimya na kumtazama akifundisha. Masharti yalikuwa mafupi: picha isigande, sauti isikatike. Tangu amalize chuo kikuu, mdogo wangu alikuwa akisahihisha tasnifu za watu wengine kwenye laptopu iliyozimika kila skrini ilipoguswa, na sasa hata hiyo ilikuwa imekufa. Kati ya barua zote za kazi alizotuma, hii ndiyo iliyojibiwa.

Kaka alikuwa anakuja kwa harusi ya binamu yetu. Alituma picha za laptopu mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye Wi-Fi 7. Ya pili ilikuwa nene kidogo, yenye Wi-Fi 6, betri ya kudumu na kumbukumbu kubwa zaidi. Mdogo wangu aliandika kwa adabu kwamba angependa ya pili. Ujumbe wake ukafunikwa na pongezi za wajomba na mashangazi. "Saba ni saba," aliandika mjomba wetu wa Kinama, ambaye simu yake hushika mtandao pale tu anaposimama katikati ya barabara.

Mimi nina tabia ya kwenda kuuliza. Petroli ilikuwa imeadimika, kwa hiyo nilikwenda mjini kwa miguu na kuingia kwenye duka la kompyuta.

"Hii ya saba itanisaidia nini?" nilimuuliza muuzaji.

"Inaenda mbio sana, Mama."

"Na rauta ya nyumbani ikiwa ya zamani?"

"Ah, hiyo si shida ya laptopu," alisema, akaanza kunionyesha rauta.

Nilitoka, nikasoma, nikauliza na kwingine. Jibu halikuwa gumu. Wi-Fi ni mazungumzo ya vifaa viwili, na kile kipya hushuka hadi uwezo wa kile cha zamani. Mwenye rauta mpya, au anayetarajia kuinunua karibuni, ana sababu ya kuangalia namba hiyo. Kwa wengi wetu sita inatosha na kubaki, na hata ungekuwa na kumi, intaneti haiwezi kwenda kwa kasi kuliko ile inayoingia nyumbani kwa waya. Betri fupi utaishi nayo kila siku umeme unapokatika. Niliyaandika hayo yote kwenye kundi, hoja moja baada ya nyingine, kama ninavyoandika habari yoyote.

Kaka alijibu kwa nyuso tatu zinazocheka. "We mwandishi," alisema, "kazi yako kutafuta ubaya." Kisha akatuma picha ya risiti.

Tunaishi Buyenzi, katika aneksi, yaani nyumba ndogo ya uani nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja ni mjane ambaye kila mtu humwita Hadja. Intaneti inaingia sebuleni kwake, nasi wapangaji tunachangia. Rauta, kile kisanduku kinachosambaza mtandao, anaitunza ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na kabati lina ufunguo. Vumbi haliifikii. Wala mtandao hautoki vizuri, lakini hilo halimsumbui, kwa sababu yeye hukaa kwenye kochi lililo mbele yake.

Kaka alifika. Laptopu ilitolewa kwenye shati aliloifungia, tukaisifu, maana ilikuwa nzuri kweli. Mdogo wangu aliiwasha chumbani, nami nikampigia video kutoka barabarani kwa simu. Alisema, "Karibuni darasani," uso wake ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Niliporudi ndani nilimkuta Kaka ameinyanyua laptopu juu ya kichwa chake akiielekeza dirishani.

"Labda haijazoea," alisema.

"Haijazoea nini?"

"Hali ya hewa."

Nilifungua mipangilio ya mtandao kwenye laptopu, mahali inapoonyesha imeunganishwa kwa Wi-Fi ya kizazi gani, nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa imeandikwa 4.

"Nne?" aliuliza.

"Nne."

"Na saba yangu imeenda wapi?"

"Iko. Inasubiri wa kuongea naye."

Somo lilikuwa keshokutwa. Mtu mwingine angedhani tulichohitaji ni kuvuka uwanja, kubisha hodi na kusema, tafadhali, tusogeze kile kisanduku karibu na dirisha. Kwetu haiendi hivyo. Haombi mwenye shida. Anayemwombea ni mkubwa wake, na mkubwa huyo haendi mikono mitupu. Kwa hiyo tulinunua kreti ya Fanta, Kaka akavaa koti alilolileta kwa harusi, tukaenda watatu, watu wazima, kuomba kisanduku kisogezwe hatua chache.

Tulizungumza kwanza kuhusu harusi. Tukazungumza kuhusu bei ya mchele, na kuhusu marehemu mume wake aliyekuwa akitoa mizigo bandarini, iliyotoka Kigoma, na jinsi mizigo siku hizi isivyo na baraka. Nilikuwa ninatazama kabati. Nilikuwa karibu kulifungua kwa meno. Hatimaye Kaka alikohoa, akasimama, akaanza kueleza historia ya Wi-Fi.

Hadja alimsikiliza mpaka namba tano. "Mwanangu," alisema, "we umetoka Kanada kuja kuniambia nitoe kitu kwenye kabati yangu?"

"Si kutoa, Hadja. Kusogeza tu. Hii mashini iko na saba, sasa..."

"Saba ya nini?"

"Ya mbio."

"Mbio inaenda wapi? Mi natazama mawaidha yangu hapa, iko sawa."

"Wewe unakaa karibu nayo, Hadja," nilisema.

"Basi na nyinyi mukae karibu. Nani amewafukuza?" Akacheka mwenyewe. Kaka naye akacheka, kwa heshima, kisha akarudi kwenye namba sita.

Mdogo wangu hakupaswa kusema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, chupa yake ya Fanta haijaguswa. "Hadja," alisema ghafla, akimkata kaka yake katikati ya neno, "mi kesho kutwa nafanya mtihani wa kazi ndani ya hii mashini. Picha ikisimama, hawanichukui. Na kazi ingine sina."

Hadja aliweka glasi mezani. "Kumbe ni kazi?" Akatugeukia mimi na Kaka. "Hawa wawili wananiimbia saba, saba, tangu saa ile. Hakuna mutu ameniambia ni kazi!"

Nilitazama chini. Ile hoja nilikuwa nimeiona ndogo mno kuiweka kwenye orodha yangu.

"Kisanduku apana, hakitoki," Hadja aliendelea. "Watoto wa uani watakivunja. Lakini vuteni waya. Marehemu alivutaga wa televisheni mpaka kule kwenu, tundu la dirisha liko bado."

Waya ulikuwa wazo bora kuliko yote yetu, kwa sababu haujali kuta wala namba. Tuliununua asubuhi yake, tukaupitisha dirishani, juu ya kamba ya nguo, chini ya mlango wetu. Kaka alipiga magoti kuuchomeka. Akaitazama laptopu upande wa kushoto. Akaitazama upande wa kulia. Akaigeuza tumbo juu.

"Hakuna tundu," alisema.

"Tazama vizuri."

"Siku hizi hawaweki. Ni nyembamba."

Ile nene ilikuwa nalo. Nilifungua simu na kuiangalia picha aliyotutumia: tundu la waya liko ubavuni, linaonekana hata bila kuikuza. Nilimwonyesha. Nilimwambia pia mambo mengine, na mdogo wangu akatoka nje mpaka nilipomaliza.

Ilibidi kutafuta kiunganishi, kipande kidogo chenye tundu la waya upande mmoja na ncha ya kuchomeka kwenye laptopu upande wa pili. Duka la kwanza halikuwa nacho, la pili lilikuwa na cha aina nyingine, la tatu likatuomba turudi mchana. Tulikipata jua likizama. Mdogo wangu alikichomeka, akazima Wi-Fi kabisa ili isije ikaingilia, akanipigia video. Aliongea, akacheka, akazungusha mikono makusudi. Hakuganda.

Siku ya somo Kaka alikaa uani kwenye kigoda, akiulinda waya dhidi ya kuku na watoto. Umeme haukukatika. Jibu lilikuja siku ya harusi, tukiwa mezani: aanze Jumatatu, saa za alasiri. Kaka alisimama akawatangazia wageni kwamba laptopu aliyoileta imempatia mdogo wake kazi. Akarudi Kanada. Jumatatu akaandika kwenye kundi: "Mmeona nguvu ya saba?" Mjomba wa Kinama akaweka mikono inayopiga makofi.

Nilianza kuandika jibu. Lilikuwa refu, lenye mpangilio, na kila sentensi ningeweza kuithibitisha. Mdogo wangu aliinama nyuma ya bega langu, akalisoma, akanichukulia simu mkononi.

"Dada, apana. Mwache tu. Toka, nina wanafunzi."

Nikatoka. Alivuta mlango, lakini haukufunga kwa sababu ya waya, na kupitia ule mwanya nilimsikia akiwasalimia, akisubiri warudie baada yake, kisha akiwasalimia tena, polepole zaidi.