Namba Moja

Kila Jumamosi alasiri fundi cherehani mmoja huweka redio juu ya marobota ya vitambaa, akashona huku nyimbo arobaini bora zikihesabiwa hadi namba moja. Kipindi huandaliwa mbali na kurushwa na vituo vingi kwa wakati mmoja, na dada yake, aliyeolewa mji mwingine, naye hukisikiliza. Kila namba ikitajwa, mguu wa fundi husimama juu ya pedali, akaandika jina la wimbo kwa chaki pembeni mwa meza. Kipindi kikiisha hupigiana simu, wakabishana.

Jumamosi iliyopita, baada ya namba mbili, kituo kiliingiza tangazo la sabuni, kisha moja kwa moja taarifa ya habari. Ilikuwa wiki ya tatu mfululizo. Fundi alitoa pini mdomoni, akapiga simu kituoni.

“Mama, kipindi kinatufikia kimekatwa hivyo hivyo,” akajibiwa na mtu wa zamu.

“Mwanangu, usinifanye mtoto. Dada yangu anakipata kizima.”

“Basi hamia kwa dada yako.”

Simu ikakatwa. Mteja aliyesubiri kupimwa gauni alijiandaa kusikia matusi. Fundi akampigia dada yake tu.

“Wamekata tena, dada.”

“Nilijua. Nyamaza, wimbo ndiyo kwanza unaanza.”

Wimbo ukaja simuni kwa mbali, una mikwaruzo, dada akiuimbia juu. Fundi akafumba macho, akauimba naye neno kwa neno hadi mwisho.

“Wimbo mbovu huu,” akasema, akimwashiria mteja ainue mikono. “Namba moja kwa lipi?”

“Mbovu? Wewe masikio yako yana pamba!”

Fundi akatabasamu, akaanza kupima.