Gari la Kumbebea Mkwe

Baba alitaka tubaki na gari moja kati ya mawili. Pikapu ilinizidi umri: gia za mkono, vioo vya kuzungusha, mlango wa kubamiza mara mbili ndipo ufunge. Gari dogo lilikuja kutoka Japani nikiwa chuoni, likiwa limeshatumika. Lilikuwa otomatiki, na kila ukiliwasha lilisema kitu kwa Kijapani. Hakuna aliyejua kama ni salamu au onyo.

Kazi kubwa ya gari nyumbani ilikuwa kumleta bibi mzaa mama hospitali mjini kila mwezi, kutoka kijijini Magu. Miguu yake ilivimba, na kliniki hakupaswa kukosa. Siku zote alisafirishwa nyuma ya pikapu, kwenye godoro, mama akiwa kando yake, na baba mbele peke yake. Mimi niliona huo ni ukatili. Nikasema tuuze pikapu. Baba hakubisha.

Kabla ya kuuza, tukamfuata bibi kwa gari dogo. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, kisha akalitazama gari.

"Mkwe atakaa wapi?"

"Mbele, anaendesha. Wewe nyuma na mama."

"Nimpumulie shingoni?"

Baba alikuwa ameshashuka, amesimama mbali, ametupa mgongo. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakaribiani. Mwiko huo niliujua. Sikuwahi kufikiri kwamba una vipimo.

"Bibi, miguu ndiyo inaumwa. Adabu itasubiri."

"Wewe mume wangu, umesoma mpaka umekuwa mjinga. Mtu akiugua anaacha kuwa mkwe?"

Nilimfuata baba. "Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Niseme simtaki mama mkwe wangu garini?"

Ikabidi niendeshe mimi, maana leseni ninayo, ingawa gia za mkono sikuwahi kujifunza. Baba alipanda basi hadi stendi ya Buzuruga, mjini. Bibi alikaa mbele karibu nami, akanitania njia nzima kwamba mumewe, yaani mimi mjukuu, anaendesha kama anaiba gari. Tukawahi kliniki.

Nilidhani jambo limekwisha: gari dogo libaki, niendeshe mimi. Lakini nilikuwa nimeshapata kazi Geita, na mama hajui kuendesha.

"Ukishavuka ziwa pale Busisi kwenda kazini, nani atamleta?" baba akaniuliza.

Nilitaja dereva wa kukodi, nikataja jirani. Kila jina baba alilirudishia swali lilelile: na siku asipopatikana? Mimi ndiye niliyezoea kuuliza, kwa hiyo nilijua swali zuri nikilisikia. Gari dogo likauzwa.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda nao. Baba aliendesha. Mimi, mama na bibi tulikaa nyuma kwenye godoro, na upepo wa barabarani ulikuwa mkali. Bado nauona mwiko ule hauna maana. Nilimuuliza bibi kama hasikii baridi.

"Nasikia," akasema, akajifunika kitenge mpaka masikioni.