Pete ya Ursula na Kamba ya Tyubu

Ukipita uani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, saa za alasiri, utamkuta wifi yangu Ursula amekaa juu ya mkeka anasuka ukili, miguu ameinyoosha, macho yako mbali. Vidole vinakwenda vyenyewe. Utamwamkia asikusikie, utakaa, utapewa maji, utaanza kuongea habari nyingine kabisa, ndipo ageuke polepole akuitikie: "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Wageni hucheka. Mimi hukasirika, maana nina mdomo na nataka mtu wa kujibizana naye.

Alikuja kwetu kutoka upande wa Mahenge, ameolewa na kaka yangu Gaudensi. Hawakujaliwa mtoto. Kaka alipofariki tukamaliza matanga, ndugu wakatawanyika, tukabaki wanawake wawili na baiskeli yake. Pete ya ndoa Ursula hakuivua. Akilima anayo, akiosha vyombo anayo, akisuka anayo, mpaka ukindu umeilamba imekuwa nyembamba. Wanajumuiya wa kanisani walimsifu sana kwa hilo. Mimi nilitembea kifua mbele, nikasema kaka yangu alioa mke.

Basi, ilikuwa baada ya mavuno, majira yale ukungu unalala bondeni mpaka jua linapanda, na mji mzima unanukia pumba za mpunga mpya. Ukivuta hewa usingizi unakujia umesimama. Ursula alitoka mashineni kukoboa, anakokota baiskeli, gunia la mchele kwenye keria. Alipofika uani akaweka stendi kwenye mchanga laini. Akili yake ilikuwa imeshasafiri, kama kawaida. Baiskeli ikalala na gunia lake, mkono wake wa kushoto ukabanwa kati ya keria na ukuta. Kidole cha pete ndicho kilichoumia.

"Wee Ursula! Jamani!"

"Si kitu, wifi," akasema, huku jasho linamchuruzika.

Akafanya ambacho mtu yeyote wa Ifakara angefanya. Hapa kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa kamba ya tyubu ya baiskeli: gunia, mlango wa banda, jembe lililolegea, kuku wa kupeleka sokoni. Alivunja kijiti cha tete, akakilaza kando ya kidole, akazungusha mpira na kuukaza kwa meno. Alifunga juu ya pete.

"Si uvue pete kwanza?" nikamuuliza.

Akanikodolea macho kana kwamba nimemwambia avue ngozi. "Pete iache." Akajilaza mkekani, akajifunika kanga, akalala. Mh! Mtu kabanwa kidole halafu analala! Nikabaki napepeta mchele peke yangu, nanung'unika, na zile pumba zinapeperuka kwenye mwanga wa jua zinamwangukia kwenye nywele. Ulikuwa utulivu wa kutisha kidogo. Hata kuku walikuwa wamesinzia.

Alipoamka alianza kusimulia kabla hajafumbua macho vizuri.

"Nimemuota kaka yako. Bonde lote limejaa maji, yeye anakuja na baiskeli juu ya maji, tairi hazilowi. Akashuka, akanishika mkono huu, akaupima kwa shubiri kama anapima ukili. Akaniuliza, 'Mbona umebanwa hivi?' Nikataka kumjibu, sauti ikakataa."

"Hebu nione huo mkono."

Akaniletea kama mtoto. Ncha ya kidole ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama zambarau iliyoiva. Nikaigusa, ya baridi.

"Unasikia hapa?"

"Sisikii kitu, wifi."

Nikampigia simu binti yangu Eveline, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati moja kule Mngeta.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Anti yako kabanwa kidole na baiskeli."

"Kimenyooka au kimepinda?"

"Kimenyooka."

"Kuna jeraha? Mfupa unaonekana?"

"Hakuna."

"Anaweza kukikunja?"

"Tumekifunga."

"Mmekifunga kwa kitu gani?"

Nikautazama ule mpira, nikakohoa.

"Mama! Tyubu?" Akashusha pumzi. "Fungueni sasa hivi. Na pete?"

"Anayo."

"Mama, pete inatoka kabla ya kufunga chochote. Kidole kikivimba, pete inakuwa kitanzi. Inueni mkono juu, maji baridi, sabuni, muizungushe taratibu. Ikigoma msiivute kwa nguvu, pandeni bodaboda mwende hospitali wakaikate. Na hata ikitoka, kidole kikibaki cheusi, au kikafa ganzi, au akashindwa kukikunja na kukinyoosha, hapo si pa kufungia nyumbani. Mmenisikia?"

Tulimsikia sote wawili, nilikuwa nimeweka sauti kubwa. Nikafungua ule mpira, kijiti kikaanguka. Nilipoleta beseni na sabuni, Ursula alikuwa ameuficha mkono chini ya kanga.

Hapo nikapandwa na hasira. "Unataka ukose kidole? Utasuka na nini, meno?"

Akauvuta mkono ndani zaidi.

"Gaudensi mwenyewe kakuuliza ndotoni mbona umebanwa. Unangoja aje na mpini wa jembe?"

Akaniangalia. Safari hii macho yalikuwepo, yako hapahapa.

"Wifi, nikiivua, mimi hapa kwenu ni nani?" Alisema chini chini sana. "Mtoto sina. Mume sina. Kitu kinachonikalisha kwenye uwanja huu ni hiki. Nikikivua, si nitakuwa mpangaji?"

Miaka yote nilidhani anaivaa kwa ajili ya kaka yangu.

Nikakaa chini. Nikauchukua ule mkono, naye akauachia, nikauegemeza begani kwangu vidole vikiwa vinaelekea juu. Nikamwagia maji ya mtungi kidogo kidogo. Tukakaa hivyo. Jua likateremka nyuma ya milima, ukungu ukaanza kurudi kutoka upande wa mto, na maji yalinichuruzika mgongoni yakaniloanisha, sikujali. Uvimbe ulipolegea nikapaka sabuni, nikaanza kuizungusha. Alikuwa anauma kanga. Pete ikapanda, ikagoma kwenye kifundo, nikaiacha ipumzike, nikamwagia maji tena. Halafu ikatoka yenyewe, ikaniangukia kiganjani.

Chini yake palikuwa na ngozi nyeupe, laini, ngozi ya bibi harusi.

Nikaibonyeza kucha kama Eveline alivyonielekeza tulipompigia tena. Ikawa nyeupe, halafu wekundu ukarudi polepole, kwa uvivu uleule wa mwenyewe Ursula. Akasikia nilipomgusa. Akakikunja kwa machozi, akakinyoosha. Ndipo tukafunga: pamba katikati, kidole kwenye kidole cha pembeni yake, kitambaa cha kanga kuukuu, si kwa kukaza, ncha ziko wazi tuzione. Tukakubaliana asubuhi, kama uvimbe na maumivu havijapungua, tutakwenda hospitali wakipige picha.

Pete nikaifunga kwenye pindo la kanga yake yeye, si yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa anautazama mkono wake, kama mgeni aliyemaliza chakula na hajui aage au angoje. Nilijua anangoja nini. Jamani, nilimpenda.

"Wifi," nikamwita.

Mtu ambaye huitika watu wakiwa wameshasahau walimwita, aliinua kichwa papo hapo.

"Abee, wifi."