Rangi Pasipo Pake

Fundi wa maabara yetu, mama wa makamo, hukitoa kichupa cha kingamwili, protini iliyotengenezwa inase kitu kimoja tu, kwenye friji na kukigonga kwa ukucha mara tatu, macho ameyafumba nusu kama anayesikiliza wimbo wa mbali. Mna maji kidogo tu yasiyo na rangi. Akiyadondosha juu ya kipande cha ini la panya, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, maji hayo hukitafuta kimeng'enya kinachochakata homoni za steroidi, na yakikipata, hatua chache baadaye huchomoza rangi ya kahawia, polepole, kama chai inavyokolea. Matone huyahesabu kwa midomo, bila sauti.

Asubuhi moja daktari mtafiti, aliyesubiri miaka minne jibu la kama kimeng'enya hicho kimo kwenye ini, aliiona rangi imekolea akashusha pumzi. "Hatimaye," alisema, akaliandika daftarini. Fundi alikuwa bado ameinamia darubini. "Ngoja kidogo, daktari. Hiki kipande kingine ni cha panya aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho. Nacho kimeshika rangi."

"Labda hukukiosha vizuri."

"Nimerudia mara tatu, mwanangu. Kingamwili hii inashika kitu kingine." Alisema taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini, kisha akamsogezea kiti. Daktari alitazama kwa muda mrefu, dirisha lote likiwa jeupe kwa jua. Mwishowe alichukua kalamu akalikata jibu lake kwa mstari mmoja. Fundi alimshikia daftari lisiteleze.