Mama Alipokuwa na Wasomaji

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka kijijini, upande wa Laela, nikamleta Sumbawanga kukaa na mimi. Hakutaka. Alisema mjini hana shamba, na mtu asiye na shamba anaamka ili afanye nini. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimepanga vyumba viwili nyuma ya stendi, na nilikuwa na kiofisi cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Nikamwambia ataamka anisemeshe mimi. Akacheka kidogo, akafunga mzigo wake.

Kweli akanisemesha. Nikirudi jioni ananipokea mlangoni na maneno. Mchana kutwa alikuwa hana wa kuongea naye, maana majirani zetu walikuwa wafanyakazi, wanaondoka asubuhi na kurudi wamechoka. Kwa hiyo yote aliyoyawaza tangu asubuhi aliyamwaga wakati mimi nachagua maharage. Alianza kwa Kiswahili, akikolewa na utamu wa habari anahamia Kifipa, kisha anarudi tena.

Miaka ile ndiyo watu walianza kusema kwamba kwenye intaneti kuna hela. Mteja wangu mmoja aliyesoma Dar es Salaam alinieleza kuwa wenzetu wa huko wana blogu, wanaandika habari za harusi na siasa, na wenye maduka wanawalipa kuweka matangazo. Pia kuna kampuni za ng'ambo, alisema, zinaleta matangazo zenyewe. Msomaji akibofya, wewe unapata chako. Nilifungua blogu kwa sababu ya biashara, sitasema uongo. Mashine za fotokopi zilikuwa zimejaa kila kona na wateja wangu walikuwa wanapungua. Nikaandika bei za mahindi sokoni, nikaandika basi lipi linawahi kuondoka kwenda Mbeya. Hakuna aliyesoma.

Siku moja niliishiwa cha kuandika, nikaandika aliyoniambia mama jana yake: jinsi alivyofundishwa na mama mkwe wake kulima matuta ya mviringo, nyasi zikifukiwa chini zioze, na jinsi alivyolia shambani mwaka wake wa kwanza wa ndoa kwa sababu matuta yake yalikuwa madogo kama vyungu na wifi zake walipita wakicheka. Niliandika vilevile alivyosema, ila pale alipomtukana wifi mkubwa nikaparuka.

Kesho yake nilikuta maoni. Mwanamke aliyeolewa Mwanza aliandika kwamba amesoma huku machozi yanamtoka, kwao ni Mwazye, huku huku kwetu, na hajarudi tangu azikwe mama yake. Mzee mmoja mstaafu aliyeko Kigoma aliuliza kama huyo mama anakumbuka ulezi ulivyokuwa unapurwa zamani. Nilimsomea mama jioni. Aliacha kula.

"Hao watu wananijua?"

"Hawakujui, mama. Wamesoma maneno yako."

"Na huyo wa Mwanza analia kwa ajili ya matuta yangu?"

"Analia kwa ajili ya kwao."

Akaniambia niandike haraka, anataka kumjibu mzee wa Kigoma kuhusu ulezi.

Ndivyo tulivyopata kazi, yeye na mimi. Yeye alisema, mimi niliandika, na jioni nilimletea majibu. Aliwazoea wasomaji wake kama watu wa jirani. Nikiingia tu, kabla sijavua viatu: "Yule wa Mwanza ameandika nini leo?" Kama hajaandika, anaingiwa na wasiwasi, anauliza huenda anaumwa. Kuna mfugaji aliyehamia bondeni huku kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, aliandika kumuuliza kwa nini Wafipa wanakula ugali mweusi wa ulezi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Akamjibu kirefu, kwa heshima, na mwishoni akamkaribisha aje aonje.

Matangazo yakaja. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la mbegu na pembejeo pale mjini. Alikuwa anasoma mwenyewe, akaona wakulima wanasoma, akataka picha ya duka lake ikae juu kabisa, kila mwezi analipa. Akafuata mwenye nyumba ya wageni, halafu wakala wa mabasi. Ile kampuni ya ng'ambo nayo ilikuwa inajaza fedha kidogo kidogo mahali nisipoweza kuzigusa mpaka zifike kiwango chao. Kwa mara ya kwanza sikuogopa mwisho wa mwezi. Nilimnunulia mama blanketi zito, maana baridi ya huku mwezi wa sita haina huruma na upepo unaingia hata penye dirisha zima. Alilipapasa, akauliza limetoka wapi. Nikamwambia limetokana na maneno yake. Akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa mjini wanaongea sana.

Sijui ilianza lini. Nilichokiona kwanza ni kwamba habari ya wifi mkubwa aliirudia, na safari hii wifi ndiye aliyelia na mama ndiye aliyecheka. Nikadhani anatania. Baadaye akanieleza kifo cha baba kama kitu kilichotokea kwa jirani. Siku nyingine nilirudi nikamkuta amesimama uani na mzigo, ameamua kwenda nyumbani kabla mvua haijaanza, kwa sababu shamba halijaguswa. Mvua zilikuwa zimekwisha. Nilimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali kwa upole, akaniita pembeni, akaniambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hauna kurudi nyuma.

Nilirudi nyumbani nikafanya nilichokijua. Nikafungua simu, nikamsomea yale ya mwanzo, matuta ya mviringo, wifi zake wakipita. Nilitumaini yatamwamsha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, ametulia. Nilipomaliza, macho yake yalikuwa na machozi.

"Masikini," alisema. "Huyu mama anaishi wapi?"

Nilitoka nje, nikasimama karibu na karo la kufulia mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Kwa wiki kadhaa sikuandika kitu. Wasomaji wakaanza kuuliza. Mwenye duka la mbegu akaja ofisini, akakaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa mtu mzuri, sina ubaya naye.

"Dada, mama amekuwa kimya. Watu wangu wanauliza."

Nikamweleza. Alisikitika kwa dhati, akashika kidevu. Halafu akasema, "Lakini wewe umemsikiliza miaka yote hii. Andika wewe, kwa sauti yake. Nani atajua?"

Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kwenye kazi zangu. Ila usiku ule niliandika. Nilitunga habari ya mama akiwa msichana, akitumwa kuchota maji, akivunja mtungi na kuogopa kurudi nyumbani. Ilikuwa nzuri, na ilifanana naye. Asubuhi, wakati namlisha uji, nilimsomea kabla ya kuiweka kwenye blogu. Alicheka palepale nilipotaka acheke. Akaniomba nimsomee tena. Akasema kwamba ndiyo, anaukumbuka ule mtungi.

Mtungi ambao haukuwahi kuwepo. Mama hakukumbuka jina langu asubuhi ile, lakini alikumbuka mtungi nilioubuni mimi. Niliifuta habari ile kabla sijaondoka kwenda kazini.

Badala yake niliandika ukweli, kwa ufupi: kwamba mama mnayemsoma anasahau, na hatasimulia tena. Sikuwahi kupata wasomaji wengi kiasi kile. Yule wa Mwanza aliandika maombi marefu. Mfugaji akasema alikuwa bado amepanga kuja kuonja ugali. Watu wasiojulikana kabisa walipitisha habari ile kwa wenzao, na hesabu ya kampuni ya ng'ambo, iliyokuwa inajivuta kama konokono, ikafika kiwango ndani ya siku chache. Mwenye duka alinipigia. Alizunguka sana kabla ya kulisema: tangazo la mbegu haliwezi kukaa juu ya habari ya ugonjwa, watu wataliona vibaya, na ananiombea heri. Nikamwambia, "Nimekuelewa, kaka." Wa nyumba ya wageni hakupiga, aliacha tu kulipa.

Hela za ng'ambo zilipoingia benki niliajiri mama mmoja wa Kanisa letu kukaa naye mchana ili asitoke na mzigo. Ziliisha mapema kuliko ugonjwa. Baada ya hapo kila siku nilifunga ofisi saa sita mchana, nikawa naye mwenyewe. Kiswahili kilimtoka chote. Akabaki na Kifipa, tena Kifipa cha utoto ambacho baadhi ya maneno yake hata mimi siyajui. Alikuwa ananisimulia mambo marefu, kwa furaha, akipiga magoti yake kwa viganja, na mimi nilishika neno moja hapa, moja pale. Hakukuwa na mtu wa kunitafsiria. Waliokuwa wanaongea hivyo naye walikuwa wamezikwa.

Alifariki wakati wa kuvuna mahindi. Tulimzika kijijini, na barabara ya kwenda huko ilikuwa inatiwa lami, tukapita na jeneza katikati ya magreda na vumbi. Niliweka tangazo la msiba kwenye blogu. Pembeni yake, kampuni ya ng'ambo ikaweka picha ya msichana anayetabasamu na tyubu ya dawa ya meno. Nilihangaika na vitufe mpaka nikaiondoa, na matangazo mengine yote pamoja nayo. Wasomaji walitoa pole. Yule wa Mwanza hakuandika, na sikuwahi kujua ni kwa nini.

Siku hizi vijana wanaokuja kuchapa kazi zao ofisini kwangu wananiambia hela imehamia kwenye video, wananishauri nianze upya, wanasema nina kipaji cha kuandika. Nawashukuru. Wakiondoka nafunga mlango nakwenda nyumbani, naweka maharage kwenye ungo, na nachagua kimya mpaka yanapoisha.