Namba za Bani la Manyanda

Kwa miaka thelathini Manyanda hakupima joto la bani kwa kitu kingine zaidi ya kiganja chake. Wakulima wa tumbaku wa pembezoni mwa Shanwe walimjua kwa hilo. Anafika kwenye bani lako, lile banda la udongo ambamo majani hutundikwa yakaushwe kwa moto, anabandika kiganja ukutani, anafumba macho kama mtu anayesali, kisha anasema, "Ongeza magogo mawili," au, "Acha hivyohivyo, usiguse." Ukimbishia, shauri yako. Kuna mmoja alimbishia, akatoa tumbaku ya kijani kama mchicha, na hakurudia tena.

Sasa mkono huo ukaingia ganzi, na wa kushoto ukaufuata. Ilianza kwenye ncha za vidole, ikapanda polepole, mpaka asubuhi moja akaipua sufuria ya uji na kuibeba hadi mezani bila kitambaa. Hospitali wakamwambia ni sukari, imegusa mishipa. Nyumbani akamwambia mkewe, Romana, kwamba ni presha kidogo tu. Mwanamume huyu, jamani! Dawa alimeza, chai ya sukari aliacha, lakini habari ya mikono aliifungia kifuani. Aliona mkaushaji asiye na mkono ni mzee tu wa kukalia kigoda.

Likizo ya Desemba akaja binti yao, Candide, anayefundisha sekondari Tabora. Alikuwa na kibao kidogo, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, chenye vitaa vyekundu ishirini na tano. "Hii ni kompyuta, baba," akasema. "Unaipa amri kwa simu, inafanya." Alikuwa nacho kwa ajili ya wanafunzi wake, lakini baba yake alikishika siku nzima kama amepewa mjukuu. Candide alipoondoka alimwachia, pamoja na waya wake wa kupimia joto.

Kuanza kwenyewe kulikuwa vituko. Kwenye simu, amri ni vipande vya rangi. Unavivuta kwa kidole na kuviunganisha, halafu simu inavituma kwenye kibao. Manyanda alivuta siku mbili, kibao kimya. Akampigia Candide: "Mwanangu, kitu chako kimekufa." Kumbe vipande vyake vilikuwa vimelala pembeni, hajaviingiza ndani ya kile kikubwa kinachosema amri zirudiwe daima. Alipoviingiza, herufi nyekundu zikaanza kupita mojamoja: SHIKAMOO.

Romana, aliyekuwa anachambua maharage, akainua kichwa. "Marahaba," akakijibu kibao. "Angalau wewe una adabu humu ndani."

Manyanda alicheka mpaka akapaliwa.

Mwezi wa pili jirani yao, Evodi, akamwita kwenye bani lake. Manyanda akabandika kiganja ukutani kama kawaida. Hakusikia kitu, ukuta na hewa vilikuwa sawa tu. Akabahatisha. Majani ya Evodi yakatoka meusi, na Manyanda akasema ni kuni mbichi. Evodi, mtu mpole, akakubali. Manyanda alirudi nyumbani na aibu inamchoma, akatoa kibao kabatini.

Lililofuata lilikuwa bani lao wenyewe, tumbaku yao yote ya mwaka. Likiharibika hilo, nani angemwita tena? Akapitisha waya kwenye tundu la ukuta, kibao akakitia nje ndani ya kopo tupu la siagi. Amri akazipanga mwenyewe: joto likizidi, ionekane alama ya mkasi, likipungua, uso wa huzuni, likiwa sawa, tabasamu. Hapo akakwama, akampigia tena Candide.

"Hapo penye sifuri andika namba, baba."

"Namba gani?"

"Mimi nitajuaje? Mkaushaji ni wewe."

Karatasi ya bwana shamba ilikuwa na namba, ila za mabani ya matofali. Bani la Manyanda lina tabia zake, ufa upande wa mashariki na paa linalovuta hewa. Joto lake halijawahi kuandikwa popote. Lilikuwa kwenye kiganja, na kiganja ndicho hicho hakipo.

Romana alikuwa anasukuma kuni tanuruni, kazi yake ya miaka yote wakati mumewe yuko ukutani. Akainuka, akaegemeza mkono ukutani kuvuta pumzi, akasema peke yake, "Bado kidogo."

Manyanda akamtazama. Akapiga moyo konde.

"Mama Candide, mikono yangu haisikii."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulibeba uji wa moto mbele yangu umetulia tuli. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umenichosha kungoja, baba Candide."

Machozi yakamtoka Manyanda, na hakujificha. Romana akajifutia masizi kwenye kanga. "Haya, fungua hiyo simu yako."

Kwa siku sita wakafanya hivyo. Romana anabandika kiganja, anasema, "Hapa rangi inaingia, paache." Manyanda anasoma kibao, thelathini na saba, anaandika. Kesho yake, "Sasa pandisha, taratibu." Akibisha, anaambiwa, "Andika unachoambiwa." Na anaandika, huku anajichekea.

Siku ya saba wakafungua mlango. Majani yalikuwa ya dhahabu kuanzia juu mpaka chini. Majirani wakaja kuona, na Evodi mbele yao akalishika jani moja, akalikunja, akalinusa.

"Mzee Manyanda, mkono umerudi!"

Ilikuwa rahisi kuitikia, na mdomo ulishafunguka.

"Haukurudi," akasema. "Mikono yangu imekufa ganzi. Joto hili amelijua mama Candide, mimi nimeandika tu. Na ile ya kwako, Evodi, haikuwa kuni. Niliiharibu mimi."

Evodi akalitazama jani mkononi, kisha akamgeukia Romana.

"Mama, bani langu la pili nawasha Jumatano. Utakuja?"

"Tutakuja wawili," Romana akasema, akamshika mumewe mkono mbele ya watu wote. "Mimi kusoma hiyo simu siwezi."