Udongo wa Mahameni

Harufu ya majani makavu yanayoungua juu ya vyungu vibichi hainipiti hivi hivi. Nikiipata njiani kuelekea Chala, nasimama, na papo hapo nakuwa tena msichana wa darasa la tatu, nimevaa sweta la kaka yangu, upepo wa kipupwe ukinikata masikio.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kichanga, na hatukuruhusiwa kurudi ovyo mahameni, kule tulikohamishwa. Ulezi ulipoingia ghalani, tuliwekewa siku za kazi za mikono. Vitabu viliwekwa kando, uwanja wa shule ukajaa mafundi: wasusi wa vikapu, wahunzi na mivukuto yao, na jioni ngoma na pombe ya ulezi. Kila mtoto alichagua fundi wa kumfuata. Mimi nilimchagua mama, mfinyanzi, kwa kuwa nilijua asingeniruhusu kumchagua mwingine.

Kabla ya kuanza, mwenyekiti wa kijiji alituonyesha udongo karibu na bwawa.

“Ule haufai,” mama alisema.

“Umeujaribu, Mama Oresta?”

“Nimeushika. Udongo wetu uko kule tulikohama.”

Wafinyanzi wengine wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti alitazama chini kidogo, kisha akasema, “Basi nendeni. Lakini mrudi leo leo.”

Tuliondoka alfajiri, akina mama wakiimba kama waendao harusini. Mahameni kulikuwa kimya. Paa la nyumba yetu lilikuwa limeanguka, na mboga ya maboga ilitambaa pale nilipokuwa nikilala. Udongo ulichimbwa upesi ajabu. Kisha kila mama akashika njia yake. Wangu alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akang'oa magugu juu ya kaburi dogo la dada yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Hakulia. Alisafisha kama anayefagia chumba cha mgeni, akamwambia kwa Kifipa kwamba nimekua na kwamba mavuno yalikuwa mazuri.

Njiani, mzigo kichwani, aliniambia, “Ukiulizwa, tulikwenda kuchimba udongo.”

“Si ndivyo, mama?”

“Ndivyo. Kwa hiyo hutadanganya.”

Vyungu vilitoka vizuri. Changu kilikaa upande kama mzee mwenye kiuno kibovu, lakini hakikupasuka, nami nilizunguka nacho uwanjani kana kwamba ni mimi niliyevumbua moto.

Mwaka uliofuata mwenyekiti hakungoja kuulizwa. Alisimama mkutanoni akatangaza kuwa udongo wa bwawani haufai, na kwamba mwaka huu atawasindikiza wafinyanzi mwenyewe. Alibeba mundu. Nilishangaa, maana udongo haukatwi kwa mundu. Tulipofika akapotelea upande wa nyumba ya marehemu mama yake, akarudi saa ya kuondoka, suruali imechafuka magotini, mkononi mundu tu wenye mabaki ya magugu. Mama alimpa maji anawe.

Nilipokuwa mtu mzima nilifinyanga kwa udongo wa bwawani. Ni mzuri mno. Nilipomwambia mama, hakushtuka hata kidogo. “Najua,” alisema, akiendelea kupepeta ulezi.

Utotoni niliamini watu wazima hupingana ili mmoja ashinde. Kumbe mama na mwenyekiti, mbele ya kijiji kizima, walikuwa wakisaidiana kurudi nyumbani.